Kwa Nini Bonge, Si Kijiti

Jumatatu, 3 Juni
Bonge hakumaliza ziwa asubuhi. Yeye ambaye huniacha mtupu, kisha analitolea macho ziwa la mwenzake! Mafua tu, nikajiambia. Dada yao Chiriku naye anayo, kayatoa chekechea — huwa harudi mikono mitupu. Mapacha wangu, Bonge na Kijiti, wana miezi mitatu, lakini ukiwaona utadhani mmoja ni mjomba wa mwingine. Kijiti ndiye niliyemwekea sikio kifuani. Safi.

Jumanne, 4 Juni
Nilimvua Bonge fulana. Kila akivuta pumzi, ngozi chini ya mbavu inabonyea ndani. Mume wangu akatazama mara moja tu, akachukua funguo. Tumelazwa. Virusi vya njia ya hewa, kasema daktari. Mrija wa oksijeni puani, plasta mashavuni — mashavu yale angalau yana nafasi. Kijiti kabaki nyumbani na mama mkwe. Nakamua maziwa, mume anayapeleka.

Jumatano, 5 Juni
Swali haliniachi: kwa nini huyu? Kijiti ndiye tuliyekuwa tukimhofia tangu azaliwe. Nimemuuliza daktari. Hakunicheka, akavuta kiti.
"Wote walizaliwa kabla ya wakati?"
Ndiyo.
"Basi mapafu yao ni rika moja, mama. Hayajui nani mnene."
Akauliza nani anavuta sigara, tunapikia wapi, tunalala wangapi chumba kimoja, nani anasoma. Nikajibu, lakini naona yote yanawahusu wote wawili. Hewa moja, ziwa moja. Sasa tofauti iko wapi? Akiwa mlangoni akageuka: "Na nani anabebwa zaidi?"


Alhamisi, 6 Juni
Nimeshinda nikizunguka nyumba yangu kichwani, chumba hadi chumba. Wageni wakija: nipe huyo mnono. Kijiti wanamchungulia kwa mbali, asije akavunjika. Mama mkwe anachochea mkaa, Bonge yuko mgongoni, moshi wote wao. Chiriku akitoka shule, begi bado begani, midomo iko usoni kwa Bonge. Kijiti hamgusi — tulimtisha wenyewe. Kumbe kuogopwa kumemkinga!
Nikamweleza daktari, najiona mpelelezi. Huenda, akasema. Bahati nayo ipo. Ila nisidhani Kijiti kasalimika. Virusi vikimpata yule mdogo, hali inaweza kuwa mbaya zaidi.
Nikampigia mama mkwe. Nikazunguka weee, mpaka nikasema: mikono kwanza, Mama, mtoto baadaye. Na jikoni asiingie naye.
"Nimelea sita, mwanangu."
"Najua, Mama."
Nikasikia bomba likifunguliwa.

Ijumaa, 7 Juni
Oksijeni imepunguzwa. Bonge kanyonya kidogo, ziwa likamponyoka, akakasirika. Nimefurahi kuziona hasira zake.
Kisha mume kapiga simu. Mama mkwe kaamka na mafua, sauti imekauka. Kajitenga mwenyewe, kafunga mlango wa chumba chake, hataki hata kumwona mjukuu. Chiriku bado anakohoa. Mume anatakiwa kazini. Ananiuliza: nimlete Kijiti kwako?
Nikamuuliza daktari. Akatazama vitanda, kila kimoja na kikohozi chake. "Humu singependa aingie. Nyumbani yuko nani wa kumshika?"
Mzima, mume akienda kazini? Hakuna.
Nilitaka kujua, sasa najua. Na kujua hakujanipa pa kumweka mtoto.

Jioni
Wamefika. Hawajaingia — wako nje ya kioo cha wodi. Mume kamfunika Kijiti vizuri, umebaki uso tu. Bonge kalala mapajani, naandika kwa mkono mmoja. Kijiti analia; simsikii, naona mdomo tu, lakini maziwa yameshalowesha blauzi yangu. Mume ananionyesha mlango kwa kidole. Anauliza: waingie? Kisha ananionyesha geti: au warudi nyumbani?
Ananisubiri mimi.