Maandishi ya Baba Ukutani

Mama, na wewe Rozi mdogo wangu,

Nimechelewa kazini. Dalali analeta mteja mwingine saa kumi. Rozi, piga deki sebuleni, fungua madirisha, na kuku watoke barazani.

Mama, leo asubuhi umenichosha. Yule bwana wa Nakonde alikuwa ameshaipenda nyumba. Kauliza tu kuhusu maandishi ya ukutani, NYUMBA HII HAIUZWI, nawe ukamjibu, “Aliyaandika marehemu mume wangu, na mimi bado namtii.” Akaaga kwa sauti ya chini kama aliyekuja msibani! Baba aliyaandika kuwazuia matapeli, Mama. Hakukuzuia wewe kwenda Ruanda kwa dada yako ukapumue. Hapa vumbi la malori linakumaliza kifua.

~~Rozi, yapake chokaa maandishi hayo kabla ya saa kumi.~~

Hapana. Rozi, usiyaguse. Mama, ndoo ya chokaa na brashi viko nyuma ya mlango. Yafunike kwa mkono wako. Ukishindwa, nitamwambia dalali asije tena, na sitakununia. Ila uniambie usoni, maana nimechoka kuiuza nyumba hii peke yangu.

Binti yako mkubwa, mwenye mdomo,
Getruda