Kenge wa Baba Alipoota Jua

Jumapili, Agosti 1996. Naro Moru.

Leo jua limetoka. Tumeishi ndani ya ukungu wiki nyingi, nguo hazikauki, mlima hatuuoni. Asubuhi hii nilifungua mlango nikaukuta wote umesimama pale, theluji yake inaumiza macho. Nilifurahi kwa ajili ya nguo tu. Sikujua siku yenyewe inaleta nini.



Baba amekuwa akifuga kenge. Sijawahi kuliandika jambo hili hapa kwa sababu sikujua nianzie wapi. Alimpata kule Mwea, kwenye joto, alipokwenda kumsalimia dada yake. Kenge alikuwa amegongwa na gari kando ya mfereji wa mpunga, mguu umevunjika, na watu wanaokota mawe wammalize. Baba alimfunika kwa koti lake, akamtia kwenye gunia, akaja naye nyumbani kwa pikapu ya Githinji, jirani yetu. Mnyama mrefu kuliko meza yetu ya chakula! Mweusi, madoa ya manjano, ulimi wa zambarau uliogawanyika ncha mbili. Nilipiga kelele.

Halafu nikanyamaza, kwa sababu Baba alikuwa anaongea.

Tangu tumzike Mama mwaka jana, alikuwa akinijibu ndiyo au hapana, basi. Sasa nikawa namsikia kwenye stoo ya viazi akimweleza kenge habari za mvua na kabichi, kwa Gikuyu, kwa sauti ya upole. Alimlisha mayai na matumbo ya kuku. Mguu ukapona. Kenge hakuuma wala hakukimbia. Alilala kando ya viazi, akamwacha Baba amkune kichwa.

"Maitu, hii imenijua," Baba aliniambia. Huniita hivyo, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Ati watu wanasema kenge haifugiki!"

Hata mimi nikaanza kuamini. Juzi nilimgusa. Ngozi kavu, baridi kama jiwe la mtoni.

Leo Baba akasema kenge naye aote jua. Alimbeba kifuani, akamlaza juu ya mabati yaliyo nyuma ya jikoni. Mimi nikawa naanika nguo. Jua likapanda, mabati yakashika moto, na yule mnyama akaamka. Sijui niseme vipi. Macho yalikuwa wazi siku zote, lakini leo kulikuwa na mtu ndani yake. Aliinuka juu ya miguu yote minne, shingo ikavimba, kichwa kikawa kinageuka harakaharaka kama cha ndege.

"Baba, muache."

"Wacha woga." Akanyoosha mkono amkune kama kawaida.

Ilitoka sauti kama ya tairi likitoka upepo. Mkia sikuuona. Nilisikia tu mlio wake hewani, kisha Baba akarudi nyuma ameushika mkono. Kenge alivuka uwanja kwa kasi ambayo sikuwahi kuiwaza, tumbo haligusi chini, akaupanda mti wa mukima hadi kwenye matawi ya juu huku kucha zikibandua maganda.

Kuku wote kimya.

Nilimkimbilia Baba. Alama nyekundu ilikuwa imevimba kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kiwiko. Hakuitazama. Alikuwa ametazama juu, mdomo wazi, kama mtu aliyeingia kanisa kubwa kwa mara ya kwanza.

"Haikuwa imenizoea," akasema. "Ilikuwa inasikia baridi tu. Maitu, siku hizi zote nimekuwa nikikuna kitu imelala."

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko cha Baba huanzia tumboni.

Kufikia saa sita mawingu yakarudi, baridi ikashuka, na kenge akawa mzito tena pale juu. Baba aliweka ngazi, akamshika shingoni na kwenye shina la mkia, akamtia guniani. Alikuwa mnyonge kama jana. Lakini sasa tulikuwa tumemwona.

"Nafikiri tumrudishe..." nikaanza.

"Kwao," Baba akasema. "Leo."

Githinji alikubali kutupeleka. Mwea joto lilikuwa kali. Baba alifungua gunia kando ya mto, akasogea mbali. Kenge alitoka, akasimama akionja hewa kwa ulimi wake, kisha akateleza majini bila kurusha hata tone. Kichwa kilionekana tena mbali, kikipasua maji, kikienda juu dhidi ya mkondo. Halafu basi. Hakutuangalia. Githinji alivua kofia, na sidhani anajua kwa nini.

Tulipopita Sagana, Baba akasema, "Mama yako angeifukuza na mwiko siku ya kwanza."

Hakuwa amemtaja tangu mazishi. Akaendelea. Alisimulia jinsi Mama alivyomfukuza fisi kwa sufuria ya uji walipokuwa wameoana karibuni, na fisi akaondoka na uji kichwani. Githinji alipunguza mwendo, nadhani makusudi.

Sasa Baba yuko jikoni, ameuloweka mkono kwenye maji ya chumvi, bado anaongea. Nimekimbia kuandika haya nisije nikayasahau. Narudi huko. Amefika mahali ambapo Mama anakataa posa yake mara ya kwanza, na sijawahi kusikia kwamba alimkataa.