Pembezoni mwa Picha ya Mama

Karakanani, nyuma ya duka la vioo,
Jumanne, 14 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U mzima? Shemeji je, na wanao wameshazoea baridi ya huko? Sisi miili ni mizima, moyo wangu ndio hautulii. Barua hii nimeianza mara tatu; nikikaa nainuka, kiti kinanichoma.

Mama anakula, anaoga, analala. Kusema bado, mwaka wa pili huu. Ila anachora. Pale wodini kuna mwalimu anayewapa wagonjwa rangi na karatasi kila Alhamisi, ni sehemu ya matibabu, na Mama ndiye hufika wa kwanza. Alichora nyumba pana kama meza, vyumba juu ya vyumba, ngazi, vitanda vitupu, hata bawaba za milango unaweza kuzihesabu.

Sasa sikia kituko changu. Yaliandaliwa maonyesho ya kazi za wagonjwa, nikajitia kimbelembele: fremu niachieni mimi. Mbao zangu zilikuwa fupi, picha ya Mama ndefu. Pembezoni niliona vijitu vidogo vidogo, nikadhani alikuwa anajaribu kalamu tu. Nikaipunguza picha vidole vinne kila upande, nikatia kioo, nikajisifu. Usinitolee methali ya haraka, nimeshaambiwa na kila mtu.

Siku ya maonyesho Mama alipitisha kidole kwenye fremu pande zote nne, kisha akarudi kitandani. Alhamisi hakuja kuchora. Wala iliyofuata. Mwalimu akaniuliza, kwa upole uliouma kuliko matusi, wale watu nimewapeleka wapi. Kumbe vile vijitu ni sisi. Nyumba ilikuwa tupu kwa sababu wote tulikuwa nje, tunaingia. Kuchora ndiko kusema kwake, nami nimemziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikapindua pipa la taka, maranda yote chini. Nikampata marehemu Baba na kofia yake. Nikakupata wewe, begi mkononi. Mimi sikujipata, nadhani kipande changu nilikiwashia jiko la gundi.

Jana nikampelekea vile vipande, pamoja na picha niliyoitoa kwenye fremu. Alivipanga, akavigandisha kimoja kimoja mahali pake. Upande wa kushoto likabaki pengo. Nikamwomba radhi, nikamsihi anichore tena, nikaongea mpaka koo likakauka. Akakata karatasi nyeupe saizi ya lile pengo, akanisogezea na penseli.

“Jichore,” akasema.

Neno moja, Dada, baada ya kimya chote kile. Nililia mbele ya wauguzi, sikuona haya.

Keshokutwa ni Alhamisi, ananisubiri, na kikaratasi bado cheupe. Kuchora kabati naweza hata nikiwa nimefumba macho. Lakini mtu anayeingia kwa mama yake anakuwa ameshika nini? Niambie wewe mwenzangu, maana wewe Mama alikuchora na begi.

Nisalimie shemeji na wanao, hasa yule Kibonge. Mola akulinde ugenini, akurudishe salama Mama akiwa bado anatungoja.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, fundi.