Ujumbe wa Vidonge kwenye Simu ya Haidari

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Duka letu la dawa sasa ni la kidijitali! Bosi Khatibu kanunua mfumo. Mudathiri, fundi wa kompyuta wa Kasulu, kaufunga, kala kuku wetu, kaondoka na nywila kichwani. Mfumo unajua dawa ipi inakaribia kuharibika. Safi. Tena unamtumia mteja ujumbe dawa zake zikikaribia kuisha. Nikauliza: unataja na jina la dawa? Bosi akajibu ndiyo, ndiyo huduma bora hiyo. Nikasema simu moja hapa Kibondo inasomwa na ukoo mzima. Bosi akaniambia niache ushamba.

Jumatano, 3 Septemba

Mana yanje, Mungu wangu! Mwalimu Sylvesta wa kwaya — vidonge vya nguvu za kiume. Ujumbe umeingia kwa mkewe, mama Uwimana, kwa sababu simu anashika yeye. Kaja dukani watu wamejaa, sauti hakupunguza: pakiti nzima imeisha, hizo nguvu anazipeleka wapi? Maana kwake hazijafika! Foleni yote ikashikwa na kikohozi. Bosi kajificha stoo.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimemkumbuka Kuruthumu. Mke wa Haidari muuza maharage, shoga yangu. Vidonge vya uzazi wa mpango anachukua kwangu, mume hajui. Baada ya mtoto wa tano alisema tumbo nalo linataka likizo. Namba yake humu? Ya Haidari! Simu yake iliibwa mnadani. Nikajaribu kuifuta — nywila. Mudathiri hapatikani, yuko Buhigwe anafunga mfumo mwingine. Poleni Buhigwe. Nikachomoa waya wa kompyuta. Bosi akacheka: ujumbe hautoki humu, unatoka mtandaoni.

Jumamosi, 6 Septemba

Haidari kaja. Nilijua leo kioo cha kabati kinavunjwa. Kumbe kasubiri wateja watoke. Kanionyesha ujumbe: "Mpendwa Kuruthumu, vidonge vyako…" halafu jina la kizungu refu kama treni.

Akanong'ona: "Shemeji Immakulata, mke wangu anaumwa nini? Ananificha. Kama ni ugonjwa mbaya niambie, niuze ng'ombe nimpeleke Mwanza."

Uongo nilikuwa nao tayari, wa vitamini. Umegoma kutoka. Nikamwambia akaswali alasiri kwanza, nami niulizie. Akaniachia simu. Ananiamini, masikini! Kufuta ujumbe ni kubonyeza tu. Lakini yeye ataendelea kudhani mkewe anakufa.

Nimempata Kuruthumu kwa simu ya jirani yake. Nikamweleza yote. Akauliza: "Kasema atauza ng'ombe? Yule mwenye mimba?"

Nikasema ego, ndiyo, huyohuyo, wanaye mmoja tu.

Akacheka. Au alilia — mtandao wa hapa! Akasema nisitamke neno, anakuja kumwambia mwenyewe.

Kuruthumu hajafika. Msikitini wameshatoka. Haidari huyo, anavuka barabara kuja dukani, kandambili mkononi — anakimbia!