Supachaja Kwenye Gari la Mama

Jumamosi, 4 Mei

Nimeagiza supachaja. Iko njiani na hairudishwi dukani. Wenzangu ofisini wananunua viwanja, mimi nanunua pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini ya gari la kwendea sokoni. Mwalimu wa fizikia! Kichwa hiki kingekuwa cha mtu mwingine ningekicheka.

Gari lenyewe ni la Mama. Yeye mkunga, anaitwa kazini saa yoyote watoto wanapojisikia kuja. Ruhusa kanitolea akiwa amenyoosha mguu juu ya stuli kama kila siku akitoka zamu: nifanye ninachotaka wikendi, ila kila Jumatatu asubuhi alikute linawaka na lina magurudumu yote.

Mjomba – mdogo wake, mwenye gereji – kacheka mpaka kaegemea ukuta. "Mpwa wangu, gari hili likiona mlima linaanza kuomba dua. Wewe unataka kulitia mabawa?"

Ndiyo, nataka. Lakini si kwa pupa. Kabla ya kuongeza nguvu lazima niimarishe kila kinachoibeba: klachi, giaboksi, shafti. Kimoja kikiwa dhaifu, ndicho kitakachokatika. Leo tumepima kompresheni, yaani injini inavyobana hewa. Silinda zote nne nzima! Nikaibusu injini. Nina oili puani mpaka sasa.

Jumapili, 5 Mei

Giaboksi imeshuka. Mjomba kaipokea kifuani akiitukania ukoo wake wote. Klachi ya zamani imelika, imebaki kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Nimefunga ya mashindano, yenye springi kali. Hesabu yake ni rahisi: ukitaka sahani ya klachi ibebe nguvu zaidi bila kuteleza, ibane zaidi. Na raba za kushikilia injini zote mpya.

Jioni tukalijaribu. Pedali ngumu! Mjomba kasema hii inataka mguu wa mwanajeshi. Mimi nikaipenda papo hapo. Unakanyaga, kitu kinakukatalia kidogo, halafu kinakubali. Shuleni hakuna kinachonikatalia kwa heshima namna hiyo.

Jumatatu, 6 Mei

Mama katoka getini gari likirukaruka kama sungura. Jioni nikamuuliza gari vipi. "Zuri." Basi. Mama ambaye akinunua nyanya anazihadithia nusu saa!

Alhamisi, 9 Mei

Habari nzito. Mama karudi kwenye gari la Baba Pacha, jirani wa mlango wa tatu aliyefiwa na mkewe mwaka juzi. Si mara ya kwanza wiki hii. Kashuka anacheka, kashikilia mlango muda mrefu kuliko mlango unavyohitaji. Gari letu liko uani. Nikauliza kulikoni.

"Nimeliacha lipumzike."

Lipumzike! Ni punda?

Nimelala chali nikifikiri. Baba Pacha ana kitambi na anapiga mluzi ovyo. Lakini anaoga. Naweza kuishi na mluzi.

Jumamosi, 11 Mei

Gereji kutwa. Shafti zote mbili nimezifungua, nimesafisha, nimepaka grisi, nimevalisha mipira mipya. Oili ya giaboksi imetoka nyeusi kama dhamiri ya mkuu wetu wa shule. Gari karibu halijatembea wiki nzima, kilomita ni karibu zilezile. Nikaona hapo ndipo ushahidi ulipo. Mapenzi!

Nikamwaga kila kitu kwa Mjomba. Spana ikamponyoka. Kacheka, halafu kicheko kikaishia katikati, akaanza kufuta spana iliyokwisha kuwa safi.

"Muulize mwenyewe," kasema. "Mimi simo."

Kwa hiyo anajua! Familia nzima inajua ila mimi. Kama kawaida. Mimi huwa ndani ya kichwa changu mambo yanapotokea nje.

Jumatano, 15 Mei

Nimerudi mapema, wanafunzi wana michezo. Mlango wa Mama wazi. Kakaa kwenye kiti, mfuko wa sukari kaufunga kwenye kifundo cha mguu wa kushoto kwa mtandio wake mzuri wa harusini. Anainua mguu. Anashusha. Anainua. Jasho linatiririka na anatukana kwa maneno ambayo sikujua mkunga anayajua.

"Mama, nini hicho?"

"Mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya uzee. Toka."

Sikutoka. Nikakaa sakafuni mpaka akachoka kunitazama. Ndipo akasema. Ile Jumatatu gari lilimzimikia njia panda. Kakanyaga klachi, goti likagoma. Kakanyaga tena, likakaza kabisa. Honi nyuma, matusi, mtu mmoja kamwambia arudi jikoni. Baba Pacha alikuwa nyuma kidogo, kashuka, kalisogeza. Tangu hapo anampa lifti. Hakuna mapenzi. Na mimi nilishachagua rangi ya gauni!

Mjomba alikatazwa kuniambia. Kwa nini? Mama akawa anafungua fundo la mtandio, hanitazami. Kasema kuwa tangu nianze kazi sijawahi kula chakula cha jioni huku naongea. Wiki ile nilikula nikiongea habari za springi mpaka wali ukapoa.

"Nikasema goti litazoea. Springi hazitazoea."

Nikaenda bafuni nikafungua bomba ili lipige kelele.

Ijumaa, 17 Mei

Supachaja imefika. Sijafungua boksi.

Mchana zahanati wamempigia Mama, kuna mjamzito wa uzazi wa tatu, uchungu umekuja kwa kasi. Mimi darasani. Baba Pacha hapatikani. Gari uani, funguo mezani, na Mama kasimama katikati ya hivyo viwili. Kajaribu. Likaishia getini. Katembea mpaka barabarani akatafuta usafiri, na alipofika mtoto alikwisha kuja, kadakwa na mama wa usafi mwenye glavu za kudekia. Salama wote wawili. Zahanati nzima inacheka. Mama kaisimulia kama kichekesho, na sauti za wote kaziigiza.

Halafu kaenda kulala bila kula.

Nimepitia hesabu zangu zote usiku huu. Ziko sawa! Hilo ndilo linaloniudhi. Nguvu kutoka injini mpaka lami, kila kiungo nimekipima. Nilianzia kwenye injini. Nguvu haianzii kwenye injini. Kuna mtu amekaa pale, anakanyaga.

Jumamosi, 18 Mei

Niko gereji, nimekaa juu ya tairi ya akiba, naandika kwa sababu sijui mikono yangu ifanye nini kingine.

Asubuhi nimelileta gari. Nikamwambia Mjomba tushushe giaboksi, turudishe klachi laini, ya kawaida. Kaniangalia.

"Na supachaja? Klachi laini itateleza siku ya kwanza tu."

"Najua."

"Kwa hiyo?"

"Ibaki kwenye boksi."

Nimelisema vizuri. Mjomba kanipiga bega, kaenda kuchukua jeki. Ndipo gari la Baba Pacha likaingia na Mama ndani, sare ya kazi, viatu vya kazi. Sijui nani kamwambia. Kaangalia jeki. Kaniangalia mimi. Kapita katikati yetu, kafungua mlango wa gari lake, kakaa, kafunga mlango.

"Nani kasema nimeshindwa?"

"Mama, goti –"

"Goti langu. Gari langu. Leteni na boksi lenu hapa nilione."

Mjomba kajaribu upole: dada, shuka basi tuinue gari. Kajibiwa kama anataka kuliinua aliinue na yeye akiwamo, kwani Mama si ndiye aliyembeba yeye mgongoni miaka mitatu? Baba Pacha kaanza kupiga mluzi, akaona nyuso zetu, kaacha.

Nimemwambia kupitia kioo kilichofungwa kuwa sitaki tena supachaja. Kasema nisimdanganye, yeye anazalisha, anamjua mtu anayesema hataki tena kusukuma.

Kawasha.

Mguu wa kushoto uko juu ya pedali. Naona sketi ya sare inatetemeka. Pedali imeshuka nusu, imerudi. Imeshuka tena. Mjomba ananinong'oneza nimwambie atoke. Amwambie yeye, ni dada yake!

Imefika chini. Kaingiza gia ya kwanza. Hasogei bado – kaishikilia hapo chini, meno kayakaza, jasho linashuka shingoni, na anafungua kioo cha upande wangu.

"Ingia," anasema. "Haraka, kabla sijaiachia."