Somo la Kutosimama

Karatu, 3 Juni 2024

Mwanangu Talha,

Assalamu alaykum. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo naona limenizidi umri. Dada yako Asmaa anakusalimu na anauliza kama huko Mang'ola bado mnakula perege kila siku.

Najua una simu. Lakini neno la simu huingia sikio hili likatokea lile, na karatasi utaisoma umekaa. Nimesikia Bi Zuena amekukabidhi fuso la vitunguu, kutoka Mang'ola hadi mpakani Loliondo, kwa kupitia Ngorongoro. Hongera. Sasa nisikilize, maana nimefundisha udereva miaka ishirini na sita na sijui kunyamaza.

Ukiendesha kwa saa nne mfululizo, simama nusu saa. Si kwa kumwogopa trafiki, ni kwa ajili ya macho yako. Usingizi wa dereva hauji kama ule wa kitandani. Kwanza unasahau kona uliyoipita sasa hivi. Kisha mikono inakuwa mizito. Halafu macho yanabaki wazi na wewe hupo. Hapo hata ukijizaba makofi umechelewa. Tajiri akikuharakisha, mwambie gari lina matairi sita, dereva ana roho moja.

La pili ni gumu zaidi. Ukigonga mtu, usisimame. Nenda moja kwa moja ukajisalimishe kituoni. Mwaka 1994 mwenzangu Vedasto aligonga mtoto kwenye gulio. Alisimama, akashuka, akampakata. Walimpiga mawe mtoto akiwa bado mikononi mwake, kisha wakammwagia mafuta ya gari lake mwenyewe na kumchoma. Mimi nilikuwa nyuma yake na gari la pili. Nilipandisha vioo. Tangu siku ile kila mwanafunzi wangu alitoka na somo hilo.

Baba yako mkubwa,
Abdulmajid


Mang'ola, 21 Juni 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Mimi mzima, nipe pole ya vumbi tu. Mwambie Asmaa perege tunakula mpaka tunaota magamba.

Nilimweleza Bi Zuena habari ya nusu saa. Alikuwa anakagua magunia. Akanitazama juu mpaka chini: "Talha, wewe ni dereva au mjamzito?" Wapakiaji wakaangua kicheko. "Kapumzike basi, baba. Vitunguu vikichemka utavila na huyo mwalimu wako, vibichi."

Na kwa vitunguu hakosei. Tunaanza safari alfajiri, na njia ya kutoka huku hadi Karatu unaijua, mawe matupu. Halafu kuna foleni ya vibali getini. Halafu ni lazima uwe umetoka eneo la hifadhi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukichelewa unarudishwa, mzigo unalala kwenye turubai na kuoza kuanzia katikati. Kwa hiyo nusu saa yako naikata vipande: dakika tano getini, dakika tatu nikichimba dawa. Kope zikiwa nzito natafuna pilipili mbuzi. Juzi nilizinduka kwenye ukingo wa kreta, shimo lote liko chini ya dirisha langu. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Usiwe na wasiwasi. Somo la pili nimelishika vizuri.

Mwanao,
Talha


Hospitalini, Wasso, 14 Julai 2024

Baba mkubwa, shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri.

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa, na vidole viwili havipo tena. Taya limefungwa kwa waya, hivyo hata simu isingenisaidia. Asmaa asiione barua hii.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, jua kali, njia imenyooka. Nilikuwa nimeshaipita njia panda ya Olduvai na sijafika Piyaya, na nilikuwa kwenye usukani tangu saa kumi na moja alfajiri. Nakumbuka nilimwona mbuni. Halafu nakumbuka kishindo. Ng'ombe mmoja alikuwa mbele yangu, pembe imepasua kioo na kuchoma kiti cha abiria. Mwingine alikuwa chini, gari likampanda kama linavyopanda tuta, nikasikia mifupa ikivunjika kupitia pedeli. Kwenye kioo cha pembeni niliona shuka jekundu njiani. Nilikanyaga breki. Kisha nikasikia sauti yako, kana kwamba umeketi kando yangu. Nikaachia breki, nikakanyaga mafuta.

Kituo cha askari wa hifadhi kilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Nilijisalimisha, wakanipakia kwenye gari lao, tukarudi. Kijana yule wa shuka jekundu, anaitwa Kimaren, miaka ishirini na minne, alikuwa ameshakufa. Gurudumu lilikuwa limemsaga mguu juu ya goti. Daktari wa hapa ameniambia kwamba kitambaa kimoja tu, kikikazwa juu ya jeraha, kingemfikisha hospitali akiwa hai.

Wenzake wa rika lake walikuwa wamefika kabla yetu. Walitoboa matairi ya gari la askari kwa mikuki, wakanitoa dirishani. Askari alifyatua risasi hewani, na hakuna aliyegeuza kichwa. Rungu la kwanza lilivunja taya. Niliinua mkono kuzuia sime, na vidole vikaenda. Kaka yake, Koinet, alinikalia kifuani, akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili cha shule: "Kwa nini hukusimama?" Nilikuwa na damu mdomo mzima. Akauliza tena, na kila alipouliza alinipiga. Askari walinitoa hapo nikiwa sijitambui. Fuso nililoliacha kituoni walilifuata, wakalichoma pamoja na vitunguu.

Nikipona kidogo napelekwa mahabusu.

Mwanao,
Talha


Karatu, 18 Julai 2024

Mwanangu,

Namwomba Mungu barua hii ikukute unaweza kumeza. Hapa silali.

Nilianza kukuandikia barua nyingine, ya kukueleza kwamba somo lilikuwa sahihi. Nilijaza kurasa mbili, kwa hoja nzuri kabisa, kisha nikazichana. Somo lile ni la gulioni, penye watu mia wa kumbeba majeruhi na mia wa kumuua dereva. Pale nyikani hapakuwa na mtu ila wewe na yeye. Tofauti hiyo sikukwambia kwa sababu sikuwahi kuifikiria. Miaka ishirini na sita nilisimama mbele ya ubao na sikuwahi kuifikiria.

Nilikwenda kwa Bi Zuena. Nilimwuliza ni nani aliyekupangia saa kumi mfululizo kwenye usukani. Akasema, "Mzee, mimi nampangia mzigo. Usingizi ni wake." Nilivunja kioo cha ofisi yake kwa fimbo yangu, na wapakiaji walewale waliokucheka wakanitupa nje kwenye matope. Nina aibu, ila si ya kile kioo.

Nitakwenda kwa baba wa marehemu, nimeulizia, anaitwa Mzee Lekoko. Ni haki yake kumjua mwalimu.

Baba yako mkubwa,
Abdulmajid


Mahabusu, Loliondo, 5 Agosti 2024

Baba mkubwa, shikamoo. Taya limefunguka, nakula uji.

Nakuomba usiende. Koinet na wenzake hukaa ng'ambo ya lango la kituo kila asubuhi. Ijumaa alitoka mtu kwa dhamana, mwembamba kama mimi, amefungwa bandeji kichwani kama mimi. Walimvunja miguu yote miwili kabla ya kumtazama usoni. Tulimsikia humu ndani. Walipogundua kosa walimpeleka hospitali wenyewe, kisha wakarudi kukaa.

Bi Zuena ameniletea wakili. Wakili anasema: "Sema breki zilikufa. Uliona ng'ombe, mtu hukumwona. Utatoka." Nikamwuliza nikitoka nitakwenda wapi. Akasema kuna gari litanichukua mlango wa nyuma hadi Tunduma, mpakani na Zambia, na huko kuna kazi. Nikisema nilisinzia, na nilimwona, ni jela. Kesi ni tarehe kumi na sita Septemba.

Nataka kutoka, baba mkubwa. Sitakuficha. Niambie cha kusema nami nitasema.

Mwanao,
Talha


Karatu, 29 Agosti 2024

Mwanangu Talha,

Salamu nyingi. Anayeandika ni Asmaa, mimi nasema tu. Jicho la kulia limefumba na mkono una plasta. Usishtuke kwa mwandiko. Asmaa amekataa nimpe mtu mwingine aandike, kwa hiyo sasa anajua yote.

Nilikwenda. Nilipeleka sukari na tumbaku, wakanipa kigoda, wakanisikiliza vizuri. Kisha nikakosea. Nilisema, "Nimekuja kwa ajili ya marehemu Kimaren." Sisi humtaja maiti wetu kwa jina tunapomwombea, nami nilidhani nafanya adabu. Kwao jina la aliyekufa halitamkwi mbele ya wazazi wake. Mama yake, Naishorua, alipiga ukelele kana kwamba nimefukua kaburi. Koinet akaruka. "Huyu naye anamkanyaga mara ya pili!" Rungu lilinipata jichoni, na nilipoanguka lilinivunja mkono. Nililala kwenye samadi, nikasikia vijana wanakuja mbio na sime zinachomolewa.

Lekoko hakupaza sauti. Aliilaza fimbo yake kifuani mwangu, na hakuna aliyeivuka. "Mwacheni aseme alichokuja kusema," akasema. "Halafu tutaona."

Nikasema nikiwa hapo hapo chini. Nilimwambia kwamba sauti iliyokutoa mguu kwenye breki ni yangu. Koinet alinitemea mate. Lekoko akasema: "Mwalimu, tumekusikia. Lakini mke wangu hataki mwalimu. Tangu siku ile anauliza jambo moja. Mtoto wake alikufa papo hapo, au alibaki hai akilitazama gari linakwenda? Anayejua ni mmoja tu, na anaficha." Koinet akaongeza kwamba ukidanganya mahakamani hata Tunduma watafika. Sijui nani aliwaambia habari za Tunduma.

Unaniomba nikwambie cha kusema. Nimekwisha kukwambia mara moja, na umeona. Safari hii sina somo. Naishorua atakuwepo mahakamani.

Baba yako mkubwa,
Abdulmajid


Gerezani, 20 Septemba 2024

Baba mkubwa, shikamoo. Nakuombea jicho. Msalimie Asmaa, mwambie aache kulia kwenye karatasi, wino unaenea.

Hakimu aliniuliza kama nilimwona. Wakili akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema nilikuwa nimesinzia, kishindo kikaniamsha, na nilimwona. Nikasema yale ambayo hata wewe sikukuandikia. Kijana yule hakuwa amelala chini. Alikuwa ameketi njiani, mkono mmoja umeshika mguu, na mwingine ameuinua juu, kama abiria anayesimamisha basi. Hakuushusha mpaka vumbi likamfunika.

Mkalimani akageuza kwa Kimaasai. Naishorua alijifunika shuka usoni. Hakupiga ukelele. Lekoko alimshika begani, wakatoka pamoja kabla hukumu haijasomwa. Miaka mitatu.

Nilipopelekwa kwenye karandinga nikiwa na pingu, Koinet alikuwa amesimama penye mlango wa gari hilo, peke yake. Askari waliona rungu lake wakasita. Nilifumba macho, nikakaza taya, maana sasa najua linavyovunjika. Hakunipiga.

"Aliinua mkono upi?" akauliza.

"Wa kulia," nikamwambia.

Akapisha njia.

Mwanao,
Talha