Jua la Kumwamsha Baba

Mwanangu Auma,

Habari za huko Ekwado? Sisi hapa Ruiru tuko, Mungu anasaidia. Baba yako anakusalimia. Ndugu yako Tobias anakusalimia, bado yuko kiwandani Thika. Jirani Maggie anakusalimia, ndiye atapiga hii barua picha akutumie kwa simu.

Ile picha ya hamingbadi, kandege kako ka huko kazini, nimeibandika juu ya kitanda cha baba. Maggie alicheka, "Mama Auma, mtoto asome miaka yote hiyo aende kuhesabu ndege mdogo kama kidole?" Nikamwambia nyamaza, wewe hata kuku wako hujui ni wangapi.

Salamu za baba nimeziweka mimi; hasemi tangu Jumapili. Asubuhi anakuwa baridi, hata macho hafungui. Ami yako Oluoch amekuja na gari, anataka tumpeleke nyumbani Siaya akiwa bado anapumua, asije akafia kwa nyumba ya kupanga. Nilikataa. Nikamwambia Auma alisema hako kandege huko milimani kanapoa usiku mpaka unadhani kamekufa, halafu jua likitoka kanaamka na kuruka. Basi kila asubuhi tunambeba baba mpaka mlangoni aote jua. Jana alinishika kidole.

Lakini ni Julai, mwanangu, na baridi ya hapa unaijua. Leo jua halijatoka. Oluoch anasema saa sita ikifika anampakia.

Jibu upesi. Siku isiyo na jua, hako kandege huwa mnakangojea mpaka saa ngapi?

Ni mimi mama yako,
Apiyo